Tangazo la Saa Kumi

Maiki ya Mjomba Faki bado inanuka tangawizi. Nimeinusa mara mbili, ya kwanza kwa bahati, ya pili kwa kusudi, na sikulia. Nasema hivyo mapema kwa sababu wenzangu wa rika langu wakianza kukumbuka utoto wao huishia kutafuta leso. Mimi sina leso. Nina spika ya zamani ya kupakia juu ya gari, yenye mdomo mpana na kutu pembeni, pamoja na maiki yake ya mkononi iliyozungushwa utepe mweusi. Watoto wa Mjomba waliniletea baada ya khitma yake, wakaviweka juu ya meza yangu ya dukani katikati ya majora ya vitambaa, wakasema, "Hivi vyako dada, siye hatuna pa kuviweka." Mjomba alikuwa akitafuna kipande cha tangawizi mbichi kila kabla ya kutangaza, ati inafungua koo, na kwa miaka yote ile mate yake yamekauka ndani ya vitundu vya maiki.

Siku hizi mji wetu wa Chake wote umejaa mabango. Kuna wiki ya sanaa inakuja: tamthilia ukumbini, maonyesho ya picha na mikeka na kazi za mikono uwanjani, watoto wa skuli watasoma tenzi. Tangazo lake linapita kila siku kwa bajaji. Ni sauti ya msichana aliyerekodiwa Unguja, sauti laini isiyo na kasoro, wala haijui Kichungwani ni wapi. Inasema "wakaazi wote wa Pemba mnakaribishwa," basi imemaliza. Mjomba asingekubali. Mjomba alikualika kwa mtaa wako, na kama alikuona umesimama mlangoni, alikualika kwa jina lako.

Vijana wawili wa kamati walikuja dukani, mmoja wa kike mmoja wa kiume, wameshika heshima zao vizuri.

"Shikamoo Bi Mkubwa."

"Marahaba, karibuni. Mwataka kitambaa gani?"

"Hatukuja kununua. Tumesikia unayo spika ya marehemu Mzee Faki. Tunaiomba kwa maonyesho. Tutaiweka mezani na kikaratasi chini yake, watu wajue ilikuwa ikitangaza nini."

"Ilikuwa ikitangaza kila kitu," nikawaambia.

Yule msichana alicheka akidhani ni mzaha. Nikawaambia warudi siku nyingine, kwa kuwa nilikuwa na mteja.

Lakini ni kweli, ilitangaza kila kitu. Mtaa wetu wa Madungu, enzi za utoto wangu, ulikuwa na gari moja tu la matangazo, pikapu ya Mjomba, ambayo upande mmoja ilikuwa na rangi ya samli na upande wa pili haikuwa na rangi ya kutajika. Ilitangaza chanjo za watoto, umeme kukatika, mbuzi aliyepotea, mpira, taarabu, mchezo wa kuigiza, maonyesho ya skuli, na maiti. Kila tangazo lilianza vilevile: "Tangazo, tangazo, tangazo! Wananchi wa Madungu, Machomane, Wawi na Kichungwani, assalaam alaykum!" Na sauti ilikuwa ileile, kwa mbuzi na kwa maiti, kwa sababu Mungu alimpa moja tu. Watu wakimtania kwamba ukimsikia Faki toka na kiti chako. Ikiwa mchezo utakaa, na ikiwa maiti utakaa.

Mama yangu, Bi Zuwena, alikuwa dadake wa tumbo moja. Baba alikuwa Tanga kwenye kazi za barabara, akija na kuondoka, kwa hiyo nyumba yetu ilikuwa ya watu wawili, mimi na Mama, na Mjomba akiingia bila kuulizwa. Mama alikuwa katika kikundi cha maigizo cha mtaani. Walikuwa watu wa kawaida tu, muuza samaki, mwalimu, fundi baiskeli, wake za watu, wakifanya mazoezi kwenye banda la skuli baada ya alasiri. Siku za mazoezi Mama alinipeleka kwa Bi Mize, mtu mzima aliyekaa chini kwenye mteremko, ng'ambo ya barabara. Nikilala kwake mchana, nikila mkate wa kumimina wake, nikingojea kuja kuchukuliwa. Hiyo ndiyo ilikuwa elimu yangu ya wakati: Mama akiwa hayupo, yupo mazoezini.

Mchezo waliokuwa wakiutayarisha ulimhusu mama mkwe mkorofi. Mama ndiye aliyekuwa mama mkwe. Anaingia nyumbani kwa mwanawe bila ya kupiga hodi, anafunua vyungu, anaonja mchuzi kwa kidole, na kila akitazama wali wa mkwewe anasema "Inna lillahi." Halafu, ili ajue nani anampenda, anajifanya amekufa. Wanawe wanaanza kulia, lakini baada ya kilio kidogo tu wanageukia kugawana mikarafuu na sufuria. Anabebwa, anatolewa nje, na hapo hapo anainuka kitandani mbele ya watu wote na kuwashukia mmoja mmoja kwa maneno. Hapo ndipo watu walipotakiwa kufa kwa kicheko.

Kikundi kilikwenda msikitini kuazima jeneza. Shehe alisema jeneza halitoki kwa mzaha, na haki yake. Wakachukua kitanda cha kamba wakakifunika shuka, lakini Mama hakupendezwa nacho. Alisema kitanda kinamfanya aonekane mgonjwa na si maiti.

Nyumbani mimi ndiye nilikuwa mkwe. Mama akikuna nazi, mara ananyamaza, anaachia kifuu, anajilaza mkekani na macho yamefumbwa, nami kazi yangu ni kulia. Nililia vibaya, kwa sababu tayari nilikuwa nikicheka. Nikimkaribia kumtazama kama kweli hapumui, alikuwa akiinuka ghafla na kunidaka, "Ahaa! Mikarafuu yangu mwaitaka?" nami nikipiga makelele hadi kwikwi inanishika. Alikufa hivyo kila siku, wakati mwengine mara mbili, kabla ya adhuhuri na baada yake. Sijapata kumwona mtu aliyekufa vizuri kama mama yangu.

Bi Mize hakuupenda mchezo ule hata kidogo. Siku moja alisimama mlangoni kwetu na sahani yetu aliyokuja kuirudisha, akamkuta Mama yuko chini amelala chali.

"Zuwena, mauti hayachezewi, mwanangu."

Mama akafumbua jicho moja. "Miye sichezei mauti, Bi Mize. Nachezea wakwe."

Bi Mize alijaribu kukasirika ikamshinda, akacheka mpaka akakaa kizingitini.

Mjomba naye akaanza kupita na gari. Siku ya mchezo ilikuwa haijapangwa, wakingojea ruhusa ya uwanja, lakini yeye alitaka watu wapate hamu. Nalikumbuka tangazo lile lote, kwa sababu kila mtoto wa Madungu alikuwa akiliimba: "Mama mkwe kafa! Bi Zuwena kafa! Nani atalia? Njooni mumuone! Na maonyesho ya mikeka, vikapu, na picha za wanafunzi wetu! Saa mtatangaziwa!" Alilitamka jina la dadake kwa fahari hata nikiwa barabarani nilisimama wima ili watu wajue ni mama yangu.

Saa mtatangaziwa. Maneno hayo ndiyo niliyoishi nayo. Maana Mama alikuwa ameniwekea ahadi, usiku mmoja akinisuka: "Ukimsikia mjombao kataja saa, vaa gauni lako la Idi, uje ukae nkeka wa mbele kabisa. Miye nikiinuka pale kitandani, ntu wa mwanzo ntamtazama weye. Wengine baadaye."

"Kabla ya Mjomba?"

"Kabla ya Mjomba, kabla ya mkuu wa wilaya akija."

Sidhani kama nimewahi kuahidiwa kitu kikubwa kuliko hicho. Nilikuwa na umri wa kuanza skuli, na jambo nililolitaka kuliko yote duniani lilikuwa kuwa mtu wa kwanza kutazamwa.

Kisha Mama akashikwa na homa. Hakuna aliyeniambia homa ya nini, na hadi leo sijauliza. Mchana mmoja alipanda pikapu ya Mjomba, amejifunga kanga mbili, kakaa mbele, na mimi nikapelekwa kwa Bi Mize kama siku zote za mazoezi. Jioni nilimuuliza Bi Mize, "Mama kenda mazoezini?"

Bi Mize alikuwa akichambua mchele. Akauchambua kidogo zaidi, akasema, "Enhe. Kenda."

Simlaumu. Angesema nini kwa mtoto? Nami nilikula mkate wangu na kulala, na kesho yake vilevile, nikiona tu kwamba mazoezi yamekuwa marefu kwa kuwa siku yenyewe imekaribia.

Ikaja asubuhi ambayo watu waligonga kwa Bi Mize wakazungumza naye nje. Aliporudi ndani alikuwa ameuma pindo la kanga yake. Alinitazama, akaingia chumbani, akatoka, akanitazama tena. Akaniambia nikae na wajukuu zake, nisitoke, yeye anakwenda mara moja, na akaondoka bila ya viatu. Wale wajukuu wakatoka kwenda kuchungulia, nikabaki peke yangu na mfuko wangu wa nguo. Gauni la Idi lilikuwamo. Mama mwenyewe alilitia, siku ile ya mwanzo kabisa ya matangazo, tusije tukashtukizwa.

Gari likapita baada ya adhuhuri. Nilianza kulisikia likiwa mbali huko juu, likashuka polepole. "Tangazo, tangazo, tangazo! Wananchi wa Madungu, Machomane, Wawi na Kichungwani, assalaam alaykum! Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun! Bi Zuwena binti Shaame wa Madungu kafa! Maziko ni leo, saa kumi, nyumbani kwake! Nyote mwaombwa mfike!"

Nilisikia kila neno. Sikupotewa na hata moja. Mama kafa, hilo nilikuwa nikilijua tangu wiki nyingi. Maziko, naam, anabebwa anatolewa nje. Jipya lilikuwa moja tu: Mjomba ametaja saa.

Wakubwa waliniambia baadaye kwamba siku ile Mjomba alikuwa akiendesha gari huku machozi yanamtiririka mpaka kifuani, na kwamba wenzake walitaka kumpokonya ile maiki asikubali, akasema dadake hatatangazwa na mtu wa kuazima. Inawezekana. Nimeirudia sauti ile kichwani nikitafuta mahali ilipokatika, hata kwenye jina lake, na sijapapata. Alikuwa na sauti moja, na hiyo ndiyo aliyomtangazia dadake.

Nilivaa gauni. Lilikuwa la waridi, na zipu yake ilikuwa mgongoni. Mikono yangu ilifika nusu tu, nikaiacha. Nilijipaka poda ya Bi Mize usoni, nikavaa viatu, nikapanda mteremko kwa kutembea pembezoni ili nisishikwe na vumbi.

Nyumbani mambo yote yalikuwa kama yalivyopaswa kuwa. Mikeka imetandikwa nje, viti vimepangwa, watu wameshaanza kujaa, wanaume wote wamevaa kanzu. Nikawaona watu wa kikundi: muuza samaki, mwalimu, fundi baiskeli, wote wamekuja. Wanawake walikuwa ndani ya nyumba, na hilo pia niliona ni sawa, maana ndani ndimo wachezaji wanamovalia. Nikapita kati ya magoti ya wanaume mpaka mkeka wa mbele kabisa, nikavua viatu, nikakaa, nikalitandaza gauni langu.

Mzee mmoja pembeni yangu alisogea kunipa nafasi, ingawa nafasi ilikuwapo. Muuza samaki, aliyekuwa akicheza kama mwana wa Mama, aliniona, akavua kofia yake akajifunika nayo uso, na mabega yakaanza kumtikisika. Nikamwona ameanza sehemu yake mapema. Lakini alilia vizuri kuliko nilivyokuwa nikilia mimi nyumbani, hilo nilimkubalia.

"Nchukueni ntoto mumtie ndani kwa wanawake," mtu mmoja akasema nyuma.

"Muacheni," ikasema sauti ya Mjomba.

Alikuja akachutama mbele yangu. Macho yake yalikuwa mekundu na mdomo wake ulinuka tangawizi.

"Mwanangu. Kakuleta nani?"

"N'mekuja mwenyewe. Umetaja saa."

Alinitazama kuanzia poda mpaka vidole vya miguu, na nadhani hapo ndipo alipoelewa, kwa kuwa yeye ndiye aliyepita mitaani wiki nzima na nyingine akipiga kelele kwamba Bi Zuwena kafa, njooni mumuone. Akanigeuza taratibu, akaipandisha zipu yangu mpaka juu, akanigeuza tena.

"Mama atatokea mlango huu?" nikamuuliza.

"Huu huu," akasema Mjomba.

Akakaa kwenye mkeka karibu nami, bega kwa bega, mtu mzima na kanzu yake, hadi walipomwita.

Lilipotoka lilikuwa jeneza la msikitini, lenyewe hasa, limefunikwa kitambaa cha kijani. Nikafurahi kwa ajili ya Mama. Kumbe shehe amekubali! Sasa hatoonekana kama mgonjwa. Nikapiga makofi.

Nilipiga makofi kama nilivyofundishwa skuli, mikono juu, kwa nguvu. Yalisikika peke yake. Halafu wanaume wakapaza "La ilaha illa Llah" wote kwa pamoja, juu zaidi ya kawaida, mpaka makofi yangu nikawa siyasikii mwenyewe. Hakuna aliyenishika mikono. Mjomba alikuwa mbele, na mguu wa jeneza begani kwake. Walinipita karibu mno hata kitambaa kile kiligusa nywele zangu, nami nikainua uso na kuuweka tayari, macho wazi, nisije nikapepesa wakati ananitazama.

Wakapita. Wakaingia barabarani, wakaanza kushuka, na watu wote wakawafuata.

"Wamepapita pa kuinukia," nikamwambia yule mzee wa pembeni, aliyebaki nyuma kwa sababu ya miguu yake.

"Mwanangu," akasema yule mzee.

Wanawake walinichukua wakanitia ndani. Walinishika kwa zamu, wakanilaza mapajani, wakaniambia Mama kenda kwa Mola wake, kapumzika. Nilikubali kwa kichwa kila nilipoambiwa. Sikulia. Mmoja alisema, "Ntoto huyu kaganda," na mwengine akaninyunyizia maji usoni, nikamwambia ananiharibia poda. Mimi sikuwa na huzuni, nilikuwa nangoja. Niliona tu kwamba mchezo umekosewa, pengine kwa kuwa jeneza lilikuwa zito, na kwamba watu wa kikundi watakaa waurekebishe kama walivyokuwa wakirekebisha kila siku bandani.

Kungoja kule sijui kuliisha lini. Hakukuwa na siku nilipoambiwa nikaelewa, nikaanguka nikalia kama watoto wa watu. Kuliingia ndani kwangu kukawa ganzi, kama mguu uliokaliwa. Hauumi. Unajua tu kwamba ni wako kwa sababu umeungana nawe. Nimeolewa na ganzi hiyo, nimezaa nayo, nimemzika Mjomba nayo juzi tu, nikipika biriani ya khitma na kuhakikisha chumvi imekolea. Watu husema nina moyo mgumu. Wanakosea, lakini siwabishii, kwa kuwa sina kitu cha kuwaonyesha.

Mtaani yalisemwa mengi wakati ule. Kwamba Zuwena alijitabiria. Kwamba mauti yakiitwa kila siku kwa spika, siku moja huitika. Bi Mize, aliyekuwa wa kwanza kuonya, alikuwa wa kwanza kuwanyamazisha: "Homa ndiyo iliyomuua. Nendeni mkaswali." Mjomba hakumjibu mtu. Aliendelea na matangazo yake ya chanjo na mbuzi na mpira, ila maiti hakutangaza tena. Watu wakija kwake alikuwa akiwaambia waende msikitini, huko pia kuna spika. Ndiyo maana vijana wa leo hawajui kwamba spika ile ilitangaza na maiti.

Wale wa kamati walirudi kama nilivyowaambia. Kikaratasi walikuwa nacho tayari, kimeandikwa kwa kompyuta: spika hii ilitumika kuwatangazia wananchi michezo na maonyesho. Yule msichana akanisomea kwa sauti, akaniuliza kama kuna la kuongeza.

"Hamna," nikasema. "Ndivyo ilivyokuwa."

Wakaibeba wote wawili, mmoja mbele mmoja nyuma. Msichana akanikaribisha kwenye tamthilia, akasema atanitengea kiti cha mbele. Nikamshukuru, nikamwambia nitatazama kama nitapata wa kunishikia duka. Huenda nikaenda. Huwa naenda kwenye michezo, watu hawajui tu. Hukaa nyuma.

Wakati ule mchezo wa mama mkwe nao ulichezwa, maana mikeka ilikuwa imeshasukwa na watoto wameshachora picha zao, na ruhusa ya uwanja ilitoka. Walingoja arubaini ipite. Waliondoa sehemu ya kufa yote, wakamtafuta mwanamke wa Machomane, Bi Raya, acheze nafasi ya Mama. Mjomba alipita akitangaza, "Mama mkwe kaja! Mama mkwe kaja!" na hakutaja jina la mtu. Akataja saa. Nikavaa gauni langu, na safari hii yeye mwenyewe ndiye aliyenifunga zipu na kunishika mkono.

Tulizunguka maonyesho kwanza, kabla ya alasiri. Picha zilining'inizwa kwenye kamba kama nguo. Mtoto mmoja alikuwa amechora pikapu ya Mjomba, na maneno yanatoka kwenye spika kama mvua. Mjomba aliitazama picha ile muda mrefu, akaniuliza kama nataka maji ya kunywa.

Tukakaa mkeka wa mbele. Bi Raya alikuwa mzuri, siwezi kumdhulumu. Aliingia bila ya hodi, akafunua vyungu, akaonja mchuzi, na watu wakacheka sana. Mimi sikumtazama sana. Nilikuwa nikitazama upande wanakotokea wachezaji, nikikingojea kitanda. Wakagombana, mwana akaomba radhi, mkwe akaomba radhi, wote wakakaa wakala sahani moja, na watu wakapiga makofi wakasimama. Wakaanza kukunja mikeka. Vijana wakateremsha picha. Mkeka wetu ukabaki peke yake katikati ya uwanja, na mtu aliyekuja kuuchukua Mjomba alimpungia mkono angoje.

"Twende mwanangu," akaniambia. "Mchezo ushakwisha."

"Haujesha," nikamwambia. "Mama hajainuka."

Mjomba alikuwa ameshasimama. Akatazama kule wanakotokea, akatazama tena, kisha akakaa.